Kabla Hujatuma Arubuni ya Subaru Yenye Injini ya Kushuku

Jumamosi moja asubuhi mdogo wangu alinipigia simu akihema. "Kaka, nimepata WRX! Ya 2006, rangi ya bluu, laki saba na nusu tu. Nimtumie elfu hamsini anishikie?"

Nilimuuliza kama ameiona. Hakuwa ameiona. Alikuwa na picha sita na video fupi ya gari likinguruma. Hiyo elfu hamsini ilikuwa sehemu ya akiba ya miaka mitatu: pesa za chama, pamoja na zile anazofungia kwenye simu kila mwisho wa mwezi. "Usitume hata bob," nikamwambia. "Twende kwanza."

Arubuni ndiyo mtego wenyewe. Ukikosea nambari, unaweza kuomba muamala urudishwe. Lakini pesa uliyotuma kwa hiari yako, kwa mtu uliyekubaliana naye, si kosa la nambari. Hapo mnaingia kwenye mambo ya kuvutana na polisi, na mara nyingi simu ya mwenzako huwa imezimwa tayari.

Tulipofika, niliweka mkono juu ya boneti. Moto! Mwenye gari akasema ametoka nalo dukani sasa hivi. Huenda ni kweli. Lakini injini iliyokwisha kupata joto huficha mengi, kwa hivyo tukamwomba turudi Jumapili saa moja asubuhi na asiliguse. Akanuna kidogo. "Bosi, kuna mtu anatoka Thika leo na pesa mkononi." Tukamwambia kama huyo wa Thika atalichukua, heri yake.

Jumapili gari bado lilikuwepo. Tulienda na fundi anayezijua Subaru za turbo, maana si kila fundi anaziweza. Pistoni zake zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, na turbo hutegemea oili ileile ya injini. Mwenyewe akichelewesha sabisi, au akiendesha oili ikiwa chini ili tu gari lisikike barabarani, beringi za kranki ndizo huumia. Halafu kuna taiming belti, ambayo hubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000. Ikikatika, vali na pistoni hugongana, na hapo si sabisi tena, ni injini. Tulipouliza ilibadilishwa lini, jibu lilikuwa "juzi juzi tu". Risiti? Hakuna.

Gari likawashwa. Moshi wa samawati ukatoka kwenye ekzosi kwa muda kisha ukapungua. Samawati ni oili inayoungua. Ungekuwa mweupe, mzito na usioisha, tungeshuku maji yanaingia kwenye silinda, pengine gasketi. Fundi akainama, akasikiliza, akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa safi kabisa, mpya. Mdogo wangu akafurahi. Fundi hakufurahi. "Imebadilishwa wiki hii," akasema. "Swali ni kwa nini."

Ndipo tukaomba kupima kompresheni. Plagi hutolewa, kipimo kikawekwa silinda moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilitugharimu elfu tatu, na kwa maoni yangu ndiyo elfu tatu iliyotumika vizuri zaidi mwaka huo. Silinda tatu zilisoma karibu 150. Ya nne ilisoma 105. Usikimbilie tarakimu yenyewe; angalia tofauti. Silinda moja ikiachwa nyuma na wenzake kiasi hicho, ndani kuna kitu kimechoka: ringi, pistoni au vali. Bila kufungua huwezi kujua ni kipi.

Tulikaa chini na karatasi. Bei 750,000. Fundi alikadiria injini iliyotumika kutoka Japani, pamoja na kuifunga, laki mbili na zaidi. Na injini mpya kwa gari ina nambari mpya, kwa hivyo lazima ukaguliwe na logbuku irekebishwe. Bima kubwa je? Hiyo hulipa ajali na wizi, hailipi injini iliyochakaa. Mdogo wangu alikuwa na 760,000 jumla. Yaani angenunua gari siku ya kwanza, siku ya pili akose hata pesa ya mafuta.

Kitu kingine. Tulikuwa tumeshafanya upekuzi wa gari kupitia eCitizen, shilingi 550, unalipa kwa Paybill 222222. Nambari ya injini ililingana na iliyogongwa kwenye bloku. Jina la mwenye gari halikulingana. Muuzaji akasema ni la binamu yake aliye ng'ambo, pesa zitumwe kwake tu, na kwa vile muamala mmoja haupiti 250,000, zingine ziende kwa nambari ya mke wake.

Hapo usikubali, hata kama gari ni zuri. Pesa iende kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye logbuku, na jina hilo ulione kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Ukifika kikomo cha siku, 500,000, subiri kesho au pitia benki. Mkataba utiwe sahihi kwanza, na nakala za kitambulisho na PIN ya KRA ziwepo. Salio la mwisho liachwe mpaka muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen nawe uuone upande wako. Jumbe za miamala usizifute.

Tulitoa ofa: 480,000, alipwe binamu mwenyewe. Muuzaji alicheka, akafunga boneti. Mdogo wangu hakuniongelesha njia nzima ya kurudi, na wiki hiyo hata simu zangu alizishika shingo upande.

Mwezi umepita. Jana alinitumia picha ya tangazo lilelile. Bei sasa ni laki sita na nusu, na chini wameandika "injini mashine". Akiba yake bado iko kwenye simu.