Silabi moja, noti moja: siri ya wimbo wa Tallis

Umewahi kusikiliza kwaya ikiimba vizuri kabisa, lakini maneno hukuyapata? Tatizo hilo ni la zamani. Mwaka 1544, Askofu Mkuu Thomas Cranmer alimwandikia Mfalme Henry VIII wa Uingereza kwamba muziki wa ibada uipe kila silabi noti moja, kadiri inavyowezekana.

Sasa sikiliza *If Ye Love Me* ya Thomas Tallis, iliyochapishwa 1565. Sauti zote nne zinaanza pamoja, kwa hiyo maneno ya mwanzo unayadaka yote. Kisha zinaachana: moja inatangulia, nyingine zinaifuata kwa kuiga. Sehemu ya mwisho inarudiwa, hivyo ulichokikosa unakipata.

Kisayansi inaeleweka. Ndani ya kanisa kubwa la mawe, sauti hugonga kuta na kubaki hewani sekunde kadhaa. Irabu zinavuma, konsonanti fupi zinamezwa. Kwaya nzima ikitamka konsonanti moja kwa wakati mmoja, inasikika.

Ibada ilikuwa imetoka kwenye Kilatini kuja Kiingereza. Lakini kutafsiri maneno kungesaidia nini kama mwangwi ungeyameza?