Karatasi ya Kata Kwanza, Wakili Baadaye

Mwanamke wa Masumbwe anayetaka talaka huanza kuuliza wakili anatoza shilingi ngapi, na kama itabidi amfuate Kahama au Geita. Ana haki ya kuuliza, ila ameruka hatua. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata. Likishindwa kuwapatanisha, baraza hutoa hati inayosema hivyo. Barua ya wazee wa ukoo haishiki nafasi ya hati hiyo, hata ikiwa na mihuri mitatu. Nasisitiza kwa sababu Mahakama ya Rufani imewahi kufuta shauri lililokwisha kufika kwake, tangu mwanzo wake, kwa kukosa karatasi hii.

Kwa wake wa wachimbaji kuna jambo la kuongeza. Mume ameaga anafuata dhahabu Chunya, simu haipatikani, hata wenzake wa duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, hawajui aliko. Hapo sheria inamruhusu mke aliyetelekezwa kufungua shauri bila kupitia baraza.

Sasa, nani atamsemea? Shauri la ndoa linaweza kuanzia mahakama ya mwanzo, na wengi huanzia huko kwa kuwa ni karibu na gharama ni ndogo. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama humo. Mabadiliko ya 2021 yalimfungulia mlango pale anapoketi hakimu mkazi. Hata bila wakili, ndugu au mtu wa nyumbani mwake anaweza kumsemea, mwanamke akiomba na hakimu akikubali. Wachache wanalijua hili, nami naona ni hasara kubwa: shangazi asiyetetemeka mbele za watu ni msaada mkubwa. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017. Hawasimami mahakamani kwa niaba ya mtu wala hawatozi ada, ila humwelekeza na kumsaidia kuandaa nyaraka.

Mahali mwanamke anapopoteza zaidi ni kwenye mgawanyo wa mali. Mume atasema duara ni lake, karasha la kusagia mawe ni lake, kiwanja kina jina lake. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu: mahakama iliona alikwisha kupewa fedha za biashara ya familia akazitapanya. Hata hivyo, wanawake wengi baada yake wamesimama juu ya msingi huo.

Mchango lazima uthibitishwe. Aliyewapikia wachimbaji kwa miaka sita aje na jirani aliyemwona alfajiri akiwasha moto, na mchimbaji aliyekula chakula chake kwa mkopo hadi mawe yaliposagwa.