Makadirio ya bima ya afya: yanakuambia nini, na nini hayakuambii

Mama au mlezi, Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ulipofika bungeni mwaka 2022, Serikali ilikadiria mchango wa Sh. 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na Sh. 84,000 kwa mtu mmoja. Wengi walishtuka, maana CHF iliyoboreshwa ilikuwa Sh. 30,000 kwa kaya. Bunge lilipitisha muswada huo Novemba 2023.

Kadirio si bei. Wataalamu hukisia watu wangapi watajiunga, wataugua mara ngapi na dawa zitagharimu kiasi gani. Wakijiunga wagonjwa tu, fedha hazitoshi. Wakijiunga wengi wenye afya, mzigo unagawanyika.

Tena, kadirio huhesabu matumizi ya mfuko, si ya nyumba yako. Nauli ya kufika Tukuyu kutoka Isongole au Masoko, chakula cha anayemuuguza mtoto, na siku usiyochuma chai, hayo hayamo.

Kwa hiyo:

- Uliza kituoni kiwango kinachotumika sasa, na huduma zipi hazimo.
- Kama kaya yenu inazidi watu sita, uliza nani anahesabiwa.
- Ukiuza parachichi au ndizi, tenga akiba ya nauli.

Usisubiri kadi. Kwa sera ya Serikali, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Mtoto akishindwa kunyonya, akipata degedege au akipumua kwa shida, mpeleke kituoni mara moja.