Kweli na Si Kweli za Njia ya Kwihara

Kutoka Mtendeni, mjini Tabora, hadi Kwihara haifiki kilomita 10. Mwenye haraka atafika kabla mfuko wake wa matobolwa ya viazi vitamu haujapungua. Nakusihi usiwe na haraka: mwambie wa bodaboda apunguze mwendo, maana njia hii ina maneno mengi, na mengine tumeyarithi bila kuyauliza.

Livingstone na Stanley walikutana Tabora. Si kweli. Walikutana Ujiji mwaka 1871. Kwihara waliingia pamoja Februari 1872. Stanley akaondoka Machi 14, mzee Livingstone akabaki hadi Agosti 25 akisubiri wapagazi na mahitaji. Hapa ndipo walipoagana, na hawakuonana tena.

Tembe la Kwihara ni lilelile alilolala Livingstone. Si kweli, lilijengwa upya miaka ya 1950. Usilidharau kwa hilo. Tembe ni miti na udongo, na hata paa lake bapa ni udongo. Likikosa mkono wa kulikandika, mvua za misimu michache zinalirudisha ardhini. Nyumba ya namna hii hudumu kwa kujengwa tena na tena.

Miembe ya njiani iliota kwenye kokwa zilizotupwa na watumwa. Hapa nasema nusu kweli. Embe si tunda la asili ya huku. Limetoka Bara Hindi, likaingia bara na misafara ya watu wa pwani. Lakini simama chini ya miembe mikongwe iliyopangika, uhesabu hatua kutoka shina hadi shina. Kokwa ya kutupwa haioti kwa mstari. Kuna mtu alichimba mashimo, akamwagilia miche, huku akijua kivuli chake watakikalia wengine.

Mtemi Isike alijilipua ndani ya ngome yake. Kweli. Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome, aliwasha ghala la baruti akiwa ndani. Ukiipita Tabora bila kulitaja jina lake, hujaipita Tabora.

Wapagazi walikuwa watumwa. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu hata watoto wa hapa hulisema. Mateka walipitishwa njia hii kweli, shingoni minyororo, na hao tusiwasahau kamwe. Ila mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alikuwa mtu huru aliyepatana ujira, akalipwa kwa nguo, merikani ikiwemo, na kupewa posho njiani. Wengi waliondoka baada ya mavuno na kurudi kabla ya mvua za kupandia. Kijana ambaye hakuwa ameiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50, upunguze hadi kilo 30 na ushei, uuweke begani, kisha utembee hadi Mtendeni tu. Wao walitoka na mzigo kama huo Bagamoyo hadi Unyanyembe, ndiyo huku Tabora. Stanley, aliyesukuma watu wake bila huruma, alitumia kama miezi mitatu. Burton na Speke, waliofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, walikuwa njiani zaidi ya miezi minne. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia, wengine wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, na nyayo hizo ndizo zilizochonga njia.

Kwihara ni ukumbusho wa Livingstone peke yake. Si kweli hata kidogo. Oktoba 1873 waliingia hapa watumishi wake Chuma, Susi na wenzao, wamebeba maiti yake kutoka kijiji cha Chitambo alikofia, Zambia ya leo. Walimkuta Cameron, ofisa Mwingereza aliyekuwa amekuja kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Walikuwa wamekwisha kuamua kumfikisha kwao.

Mbele kidogo wenye vijiji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakatengeneza maiti ya uongo, wakawatuma watu warudi nayo kuelekea Unyanyembe kana kwamba wamekubali kuzika. Ile ya kweli wakaifunga upya ifanane na robota la nguo. Ikaingia Bagamoyo Februari 1874, ikiwa begani mwa wapagazi.