Ua la Fahari na Kiazi Chake

Katika bustani za Arusha, na katika vichaka vya miteremko ya Mlima Meru, mvua zinyeshapo huota mmea mwembamba upandao juu ya ua na miti midogo. Wataalamu wauita Gloriosa superba, jina alilolichapisha Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Maneno hayo ni ya Kilatini: la kwanza maana yake ni "-enye utukufu", la pili "-enye fahari", nalo laweza pia kuwa "-enye kiburi". Maua yake yastahili jina hilo. Kila moja lina vipande sita vyenye kingo za mawimbi, vya manjano shinani na vyekundu nchani, navyo hujipinda nyuma na kusimama kama ndimi za moto. Nchi ya Zimbabwe imelifanya kuwa ua la taifa.

Mwalimu akiulizwa na mtoto jina la ua hili, huenda akajibu "yungiyungi" au "nyinyoro". Yafaa tusiyachanganye. Yungiyungi huota majini. Nyinyoro, neno tulijualo katika Wimbo Ulio Bora wa Biblia ya mwaka 1952, ni mmea wa tunguu usiopanda popote. Huu wetu hupanda, tena una alama yake: ncha ya jani hurefuka ikawa kama uzi, nao uzi huo hujizongazonga penye kijiti chochote ukashika.

Alama hiyo si jambo la elimu tu, maana mmea wote una sumu, na iliyo kali zaidi imo katika kiazi. Kiazi hicho ni chembamba, mara nyingi chenye panda mbili. Kiangazi kikija, shina na majani hufa yakatoweka, lakini kiazi hubaki hai udongoni. Basi mtu alimaye mwezi wa Februari, akingojea masika, hukifukua pasipo jani wala ua la kumwonya. Huko Bara Hindi na Sri Lanka wako waliokula kiazi hiki wakidhani ni chakula, wakafa.

Sumu yenyewe yaitwa kolkisini, nayo huzuia chembe za mwili zisigawanyike. Kuchemsha hakuiondoi. Baada ya saa chache mtu hutapika na kuhara sana; siku zifuatazo damu, figo na moyo huharibika; na apataye kupona huweza kunyonyoka nywele. Hata hivyo, kolkisini hiyohiyo, ikipimwa kwa uangalifu mkubwa, ndiyo dawa wapewayo na waganga wa hospitali wenye ugonjwa wa jongo. Kipimo ndicho kitenganishacho dawa na mauti, wala hakuna awezaye kukipima kwa kukata kiazi jikoni.

Je, tuung'oe? Si lazima. Ila usipandwe karibu na viazi vya kuliwa, wala penye mifugo au watoto wadogo. Mahali pake pawekwe kijiti kabla majani hayajafa. Na mikono ioshwe baada ya kukishika kiazi. Mtu akila, apelekwe hospitali papo hapo pamoja na kipande cha mmea, bila kungoja kutapika. Nao wanafunzi waonyeshwe ule uzi wa jani, na kiazi pia, maana aliyefundishwa ua peke yake hajafundishwa hatari.