KIFUSI CHA MAKAA KISIACHWE PEKE YAKE

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu ufa mmoja usiozibwa, huko Aberfan katika nchi ya Wales.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba, 1966, kilima cha kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe kiliporomoka kutoka mlimani, kikaifunika shule ya Pantglas na nyumba za jirani. Watu 144 walikufa. 116 kati yao walikuwa watoto. Wachimbaji wa mgodi ule ule, na miongoni mwao baba za watoto hao, walikuja mbio kufukua.

Je, lilikuwa jambo la ghafula? La, hasha. Kilima hicho, cha saba, kilianzwa mwaka 1958 juu ya chemchemi zilizoonekana katika ramani. Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri ya mji aliandika barua kuonya juu ya hatari iliyokuwa nyuma ya shule. Maonyo hayakufuatwa. Tena mgodi ule haukuwa wa bepari. Ulikuwa mali ya umma tangu mwaka 1947. Basi na tujue: kubadili mwenye mali peke yake hakumlindi mfanya kazi, ikiwa mshika kalamu hasikii neno la mshika sururu.

Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake mwaka 1967, ikalitwika lawama Shirika la Makaa la Taifa. Hata hivyo hakuna aliyeshitakiwa wala kufukuzwa kazi. Wafiwa walipodai vilima vilivyosalia viondolewe, paundi 150,000 zilichotwa katika mfuko wao wa rambirambi ili kulipia kazi hiyo. Zilirudishwa mwaka 1997.

Migodi ya Wales karibu yote imefungwa, lakini vilima zaidi ya 2,000 vimebaki. Februari 2020, baada ya tufani, kimoja kiliporomoka huko Tylorstown. Mwaka 2025 ilipitishwa sheria ya kuunda mamlaka ya kuvisimamia.

Kukagua si kutazama kwa mbali. Mkaguzi hana budi kuuliza: Maji yatoka wapi, na mitaro i wazi? Mteremko una nyufa? Chini yake umetuna? Na kule bondeni wanalala akina nani? Kila mvua kubwa inyeshapo, aulize upya.

Nasi Tanzania tumechimba makaa huko Ngaka. Yatupasa kuuliza maswali hayo mapema, wakati kifusi kingali kidogo, na kuwasikiliza wakaao chini yake.