Swali Lako Litangulie Alama Zako

Juni inapoingia na kiangazi kuanza huko Marekani, makundi madogo ya wanafunzi wa sekondari hukusanyika kwenye vyuo vikuu kufanya utafiti wa sayansi. Mojawapo ya programu hizo, Summer Science Program, ilianza mwaka 1959, Wamarekani wakiwa bado na wasiwasi wa kuachwa nyuma baada ya Warusi kurusha setilaiti ya Sputnik. Nyingine, Research Science Institute, inayofanyika katika chuo kikuu cha MIT kwa wiki 6, ilianza 1984. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na karibu wote wana alama za juu. Hapo ndipo wengi hukosea: hujaza fomu kana kwamba bado wanashindania alama, ilhali wakishafika hapo alama haziwatofautishi tena. Kinachomtofautisha mwombaji ni swali alilolifuatilia mwenyewe, bila kutumwa na mtu.

Tazama kazi inayowasubiri. Katika kundi la astronomia la Summer Science Program, wanafunzi hufuatilia asteroidi inayopita jirani na Dunia. Usiku huipiga picha kwa darubini, kisha hupima mahali ilipo kati ya nyota zinazojulikana na kuandika programu ya kompyuta ya kukokotoa njia yake kulizunguka Jua. Hesabu zenyewe zinatokana na Carl Friedrich Gauss, Mjerumani ambaye mwaka 1801, akiwa na miaka 24, alikokotoa njia ya asteroidi Ceres iliyokuwa imewapotea wanaastronomia, nao wakaiona tena karibu na pale alipopataja. Kazi ya namna hii imejaa kukwama. Wingu hufunika anga. Tarakimu moja ikikosewa, njia yote huenda upogo, na mtu huanza upya saa nane za usiku. Ndiyo maana fomu hudai insha na barua za walimu. Ustahimilivu wa kijana hauonekani kwenye A saba. Unaonekana anapoeleza alichopima, alichotarajia, kilichokwenda kombo na alichofanya baadaye.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya shule zenye maabara. Ni kweli kwamba mwenye vifaa ana nafuu kubwa, na hakuna insha itakayoliondoa pengo hilo. Lakini swali halihitaji maabara ili lizaliwe. Mwanafunzi wa Pangani anaweza kusimika ufukweni ufito uliochorwa sentimita na kuandika kina cha maji na saa yanapojaa kila siku kwa miezi miwili. Ataona maji yakichelewa kujaa kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku, na bamvua ikifuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Hayo yamo vitabuni. Siku kipimo chake kitakapopishana na jedwali la maji la bandari ya Tanga, ndipo utafiti utakapoanza: ni upepo wa kusi, ni mto uliojaa mvua, au ni ufito wenyewe umeinama? Kurasa mbili za kutafuta jibu hilo zina uzito kuliko orodha ndefu ya vyeti vya klabu.

Hoja ya gharama ni nzito zaidi. Zipo programu za kiangazi zinazotoza fedha nyingi na kumpokea karibu kila anayelipa. Bei yake si ushahidi wa ubora, na mzazi asiuze shamba kwa ajili hiyo. Zile zenye ushindani wa kweli mara nyingi hutafuta namna ya kumbeba asiye na uwezo. Franklin Antonio, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Qualcomm aliyewahi kupitia Summer Science Program, aliiachia dola milioni 200 katika wosia wake. Hata hivyo wengi watakataliwa, tena wakiwa wanastahili. Daftari la yule mwanafunzi wa Pangani halitapotea kwa sababu hiyo: Young Scientists Tanzania, iliyoanza 2011, hupokea miradi ya wanafunzi wa sekondari za hapa nyumbani, na data za miezi miwili ni mtaji tosha wa kuanzia.

Limebaki la barua, na hili ni la walimu. Mwenye wanafunzi mamia hawezi kumjua kila mmoja, hivyo huandika kwamba kijana ana bidii na nidhamu, maneno yanayomfaa yeyote. Mwanafunzi, mpelekee mwalimu daftari lako wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho. Nawe mwalimu, tafadhali lisome, chagua ukurasa mmoja ambapo kijana alikosea akajirekebisha, uandike juu ya ukurasa huo.